Kamati Imesema

Jumatatu, 4 Machi

Mawingu tangu asubuhi, mvua bado. Leo tulikuwa na kikao cha Kamati ya Ukaguzi na Hatari, cha kwanza tangu nipewe uenyekiti. Tuko watatu: mimi, ambaye ni mkaguzi mstaafu; Mfamasia, mwenye duka la dawa na hisa zake kiwandani; na Mzee wa Benki, ambaye husinzia kuanzia ajenda ya tatu na kuamka chai inapoingia. Kiwanda chenyewe ni cha kutia nguo rangi. Sisi kamati hatukiendeshi. Kazi yetu ni kuwauliza wanaokiendesha maswali wasiyoyapenda, kisha kuipelekea bodi majibu.

Kabla hatujaanza nilitangaza, kama taratibu zinavyotaka, kwamba mhandisi wa kiwanda ni mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja. Katibu wa kampuni akaandika. Mkurugenzi wa kiwanda akatania, "Basi tukimsema mhandisi tuseme taratibu, dada mtu yupo." Tukacheka. Nikamjibu kwamba mimi nikiketi kwenye meza hii sina ndugu. Nilijisikia vizuri sana kulisema hilo.

Mkaguzi wa ndani, binti mwembamba asiyecheka ovyo, alitusomea hatari za kiwanda. Kubwa hupakwa nyekundu, za kati njano, ndogo kijani. Bwawa la maji machafu lililo nyuma ya kiwanda limekuwa njano kikao baada ya kikao. Nikauliza kwa nini njano hii haikolei ikawa nyekundu wala hairudi kijani. Mkurugenzi akasema mhandisi ametia saini kwamba tuta la bwawa liko salama. Saini ya mdogo wangu. Tukaahirisha. Chai ikaingia, Mzee wa Benki akaamka.

Jumatano, 6 Machi

Manyunyu. Nimeanika na kuanua, nimeanika na kuanua.

Jumapili, 10 Machi

Nimekula mchana kwa mdogo wangu, kama Jumapili zote tangu nifiwe na mume. Baada ya kula alikwenda kujinyoosha, nikabaki jikoni na wifi tukiosha vyombo. Watu husema wifi na wifi hawapikiki chungu kimoja. Sisi tumepikika tangu siku ya kwanza. Lakini leo alisugua sufuria ileile mpaka nikamwambia, "Utaitoboa hiyo."

Akafunga bomba. "Wifi, nikwambie kitu, lakini kiishie hapahapa jikoni."

"Kitaishia."

"Mdogo wako halali. Mvua ikigonga bati tu anaamka, anakaa kitandani kama mgonjwa. Juu ya lile tuta kuna ufa. Ameuona tangu mwaka jana, akamwambia Mkurugenzi. Akaambiwa tia saini kwanza, matengenezo yatapangwa. Akatia. Mara ya pili akaambiwa vilevile, akatia. Sasa hawezi kusema, maana saini zote ni zake."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi mwenyewe.

"Wewe? Anakuogopa wewe kuliko Mkurugenzi. Wewe ndiye dada aliyemsomesha. Tafadhali, asijue kwamba nimekwambia. Ataona nimemvua nguo."

Nikamwapia. Alipumua kama mtu aliyetua ndoo, akafungua tena bomba.

Jumanne, 12 Machi

Nimekwenda kuliona bwawa kwa macho yangu. Mlinzi wa lango alinitazama kama bibi aliyepotea njia ya sokoni. Bwawa ni kubwa kuliko nilivyodhani, na maji yake leo ni ya zambarau kwa sababu ndiyo rangi wanayotia wiki hii. Limezungushiwa tuta la udongo lenye kimo cha nyumba. Chini ya tuta, upande wa bonde, kuna bustani za mboga, kisha nyumba, nyumba, nyumba, bati linagusa bati.

Aliyenipandisha juu ni mwendesha pampu. Kiwanda kizima kinamwita Hewala, maana hana jibu jingine. Hewala, lete spana. Hewala! Hewala, likizo yako imesogezwa. Hewala! Alitembea mbele yangu akipiga mluzi, kisha akaninyooshea mkono. "Hatua ndefu hapo, mama, hapo pana mdomo."

Ufa ulikuwepo. Ningeweza kuingiza kiganja.

"Ufa huu una muda gani?" nikamuuliza.

"Wa zamani, mama. Ila siku hizi unanenepa. Sisi ndio tunaokonda."

Mdogo wangu akaja mbiombio, viatu vimejaa tope. "Dada, umefuata nini huku?"

"Nimefuata kazi yangu."

"Basi niandikie, nami nitakujibu kwa maandishi. Hapa mimi ni mhandisi na wewe ni kamati. Wewe mwenyewe ndivyo unavyopenda."

Ningeweza kumshika mkono nikamwambia, twende tukakae kwenye gari, unieleze polepole. Sikumshika. Nilikuwa nimeuvaa uenyekiti wangu kama koti jipya, sikutaka ujikunje.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua ya kweli, saa nzima. Niliisikiliza nikiwa nimesimama.

Ijumaa, 15 Machi

Nimeitisha kikao cha dharura. Katibu wa kampuni ameniuliza kwa upole kama nitakaa kando, kwa kuwa hoja inamgusa ndugu yangu. Nimemjibu kwamba hoja si mhandisi, hoja ni bwawa. Akasema, "Sawa, mama," kwa sauti ya mtu ambaye hajasema sawa.

Jumatatu, 18 Machi

Naandika yote, hata yale ambayo sitaki kuyasoma baadaye.

Mkurugenzi aliingia na ripoti zake amezipanga vizuri. Mdogo wangu aliitwa kama shahidi, akaketishwa mwisho wa meza karibu na mlango. Mkaguzi wa ndani alisoma alichokiona: ufa juu, unyevu upande wa nje, mvua kubwa zinakuja. Mfamasia akatikisa kichwa, akasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkurugenzi akatabasamu. "Methali ni nzuri, lakini mimi si mhandisi na nyinyi si wahandisi. Mtaalamu ametia saini. Mkisema tuta ni bovu, mnasema mtaalamu ni mwongo."

Nikamgeukia mdogo wangu. "Mhandisi, tuta liko salama?"

Akamtazama Mkurugenzi, kisha meza. "Linahitaji kuangaliwa, Mwenyekiti."

"Swali langu ni la ndiyo au hapana."

"Si suala la ufa peke yake. Kuna namna ya—"

"Ametia saini," Mkurugenzi akamkata. "Tuendelee na ajenda."

Nikaona kikao kinakwisha njano tena. Nikaona yale mabati ya bondeni. Nikaona pia, nisijifiche, sura yangu mwenyewe: mwenyekiti mpya aliyeshindwa kikao chake cha pili. Watu husema ulimi hauna mfupa, huteleza. Wangu haukuteleza. Niliutuma.

Nikasema, "Mhandisi huyu halali. Mvua ikigonga bati anaamka na kukaa kitandani mpaka kuche. Ameujua ufa huu tangu mwaka jana, akaambiwa tia saini, akatia. Haya, nani ataniambia tena kwamba tuta liko salama?"

Hata Mzee wa Benki alikuwa macho. Mdogo wangu aliniangalia. Hakukasirika. Aliniangalia kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa anaoga.

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda nilivyotaka. Bwawa likapakwa nyekundu. Mitambo inayomwaga maji bwawani isimamishwe. Maji yapunguzwe hadi robo kabla mvua kubwa hazijafika. Mfamasia akauliza, kwa muda gani? Nikasema wiki mbili tangu pampu ziwashwe. Sikuzitoa popote hizo wiki mbili. Zilisikika tu kama muda unaotajwa na mtu mwenye msimamo.

Mdogo wangu akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, kuhusu hizo wiki mbili—"

"Wewe umeshasema ya kutosha kupitia kwa dada yako," Mkurugenzi akamjibu, na watu wakacheka kile kicheko cha kumnyamazisha mtu.

Nami nikafunga kikao.

Jumanne, 19 Machi

Katibu amenipigia. Mhandisi amesimamishwa kazi kupisha uchunguzi, kwa kutia saini taarifa zisizo za kweli. Barua imeandikwa "kufuatia yaliyobainika kwenye kamati". Mkurugenzi haguswi, kwa sababu maneno ya mdomo hayana saini. Nimewakagua watu maisha yangu yote, na hili sikuliona likija.

Jumatano, 20 Machi

Nimempigia wifi, hapokei. Nimempigia tena, akapokea mdogo wangu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mdogo wangu, naomba nikueleze—"

"Tunaomba utuache kidogo, dada." Akakata kwa adabu, kama anavyofanya kila kitu.

Baadaye kidogo ujumbe ukaingia kutoka kwa wifi, maneno manne: Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumapili, 24 Machi

Nimekula mkate.

Jumatatu, 25 Machi

Pampu zimewashwa leo. Zimekodiwa kubwa, zinavuta maji na kuyapeleka kwenye mabwawa ya mji ya kusafishia majitaka. Kelele zake zinasikika mpaka barabarani. Hewala amepewa kofia mpya ya manjano, anaivaa kama bwana harusi.

Alhamisi, 28 Machi

Maji yanashuka vizuri. Mwenyekiti wa bodi amenipigia kunipongeza: kamati nyingi ni za kunywa chai, amesema, hii ina meno. Nilipopita bondeni, mama mmoja wa bustani alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Walishasikia kwamba yuko mwanamke huko juu aliyewasemea. Alinipa fungu la mboga, akakataa katakata malipo.

Nilizipika, nikala peke yangu. Nilitaka kumpigia mdogo wangu nimwambie: unaona? Ndipo nikakumbuka.

Nimesikia wamehamia mji wa wakwe zake. Mtu aliyesimamishwa kazi hawezi kukaa nyumba ya kampuni.

Jumanne, 2 Aprili

Mkaguzi wa ndani amenijia nyumbani, hajawahi. Hakutaka hata maji.

"Mama, nani ametoa utaratibu wa kushusha maji? Nimeutafuta, siuoni. Utaratibu wa namna hii hutolewa na mhandisi, na hatuna mhandisi."

"Umemuuliza Mkurugenzi?"

"Anasema kamati imesema wiki mbili."

Nikampigia Mkurugenzi palepale. Nikamwambia kamati hutoa agizo, namna ya kulitekeleza ni ya menejimenti. Akaniambia menejimenti inatekeleza agizo kama lilivyo, asije akasimamishwa naye. Sote wawili tulikuwa sahihi, na bwawa likaendelea kushuka.

Mlangoni binti akasita. "Ungeweza kumuuliza mhandisi, mama. Hata kwa faragha."

Nikamwambia mtu aliye chini ya uchunguzi haulizwi. Hilo nalo ni sahihi. Limo kwenye kanuni.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua asubuhi, mvua jioni. Nilishika simu nikaitafuta namba yake, nikaiweka mezani. Ataona namtaka kwa ajili ya kazi tu, nikawaza. Atakapotulia atanipigia.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimekwenda bwawani. Maji yamebaki kidogo katikati, na ukuta wa ndani wa tuta uko wazi, umelowa, una mistari ya rangi zote ambazo kiwanda kimewahi kutia: zambarau, buluu, nyekundu ya matofali. Ungesema ni kitambaa kimeanikwa. Pampu moja imeteremshwa hadi kwenye mteremko wa ndani ili ifikie maji, na Hewala alikuwa pembeni yake, tope magotini.

"Mama, njoo uone. Udongo unalia."

Kweli, maji yalikuwa yanachuruzika kutoka ndani ya udongo wenyewe, mahali pengi, machozi membamba.

"Ni vibaya?" nikauliza.

"Mimi si msomi, mama. Ila ningeomba pampu zipumzike siku mbili tatu, tuone kama utanyamaza."

"Mkurugenzi anasemaje?"

"Anasema kamati imesema." Akanitazama, anangoja.

Nilitazama juu. Wingu lilikuwa limekaa kama kifuniko. Nikafikiria mvua ikijaza tena tulichokwisha kukitoa, nikafikiria kikao cha Jumatatu na taarifa niliyokwisha kuiandika kichwani: kazi imekamilika ndani ya muda.

"Mvua kubwa iko njiani na tumebakiza kidogo," nikamwambia. "Malizieni."

"Hewala, mama."

Jumapili, 7 Aprili

Imenyesha mchana kutwa. Mifereji imejaa.

Jumatatu, 8 Aprili

Nilikuwa navaa kwenda kwenye kikao simu ilipolia. Katibu alisema neno moja tu, "Tuta," kisha akaanza kulia.

Nilipofika, watu walikuwa wamejazana langoni. Mvua ilikuwa imekatika. Kilichoniogopesha ni ukimya: pampu zilikuwa zimenyamaza. Upande mmoja wa tuta haukuwepo. Haukuangukia nje, bondeni, kama tulivyoogopa siku zote. Ulikuwa umeporomoka kwa ndani, umeteleza wote kwa pamoja kama mtu anayeketi chini amechoka, na kuifunika pampu iliyokuwa kwenye mteremko. Maji machache yaliyobaki yalipenya kwenye pengo, yakashuka bustanini, yakalaza mboga na kuishia kwenye uzio wa nyumba ya kwanza. Hakuna nyumba iliyoingiwa. Hakuna mtoto aliyelowa hata unyayo.

"Hewala yuko wapi?" nikauliza.

Wakautazama udongo ulioporomoka, na hapo nikajua. Walikuwa wanachimba, wanaume labda ishirini, kwa majembe, kwa sepetu, kwa mikono. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa ndani ya tope na shati lake jeupe, anachimba. Mwezi jana nilimsema maneno mabaya kichwani mwangu, na mengi bado nayaamini. Lakini alichimba mpaka kucha zikatoka damu. Mimi nilisimama. Mwanamke wa umri wangu ataambiwa nini zaidi ya "mama, sogea kando"?

Mchana mkewe Hewala alifika. Hakupiga kelele. Alimwendea mlinzi akamuuliza kama mumewe alikuwa amekunywa chai kabla ya kushuka. Mlinzi akasema ndiyo. Akasema, "Afadhali." Akaketi chini kwenye majani yaliyolowa, nami nikaketi karibu naye. Hakunijua mimi ni nani. Aliniegemea bega, kama unavyomwegemea yeyote aliye jirani.

Walimtoa kabla jua halijazama.

Jumatano, 10 Aprili

Tumemzika. Mvua ilingoja mpaka tukamaliza. Watu wa bondeni walikuja wote. Mama wa bustani alinikumbatia, akasema, "Bila wewe tungezikwa sisi." Sikuwa na pa kuficha uso.

Mdogo wangu hakuonekana.

Jumapili, 14 Aprili

Nimelala siku nzima.

Jumatatu, 22 Aprili

Wahandisi wawili wa nje wamemaliza uchunguzi, wakatueleza kwa lugha ya kueleweka. Udongo wa tuta ulikuwa umekunywa maji miaka yote. Maji ya bwawani yalikuwa yanausukuma, na huo msukumo ndio uliokuwa unauegemeza. Ukiyapunguza kidogo kidogo, udongo nao unapata muda wa kujikamua. Ukiyaondoa haraka, udongo unabaki umelowa, mzito, hauna pa kuegemea, unateleza. Mvua ilimalizia tu.

"Kwa tuta kama hili mngechukua miezi miwili, si wiki mbili," akasema yule mkubwa wao. "Mhandisi yeyote wa mabwawa angewaambia hivyo."

Mfamasia alinitazama, kisha akatazama dirishani. Akilini nilimwona mdogo wangu pale mwisho wa meza, mkono juu. Mwenyekiti, kuhusu hizo wiki mbili.

Jumatatu, 6 Mei

Kikao cha bodi. Rasimu ya taarifa ilisema chanzo ni uzembe wa mhandisi aliyesimamishwa, na kwamba Kamati ya Ukaguzi na Hatari ilitimiza wajibu wake wa usimamizi ipasavyo. Nilitakiwa nitie saini. Nilikataa. Niliomba iandikwe kwamba mwenyekiti wa kamati alipaswa kukaa kando na hakukaa. Kwamba wiki mbili alizitaja yeye bila kumuuliza mtaalamu. Kwamba alipoambiwa udongo unalia alisema malizieni. Na kwamba Mkurugenzi alikuwa ameonywa juu ya ufa tangu mwaka jana.

Mwenyekiti wa bodi alivua miwani. "Mama, kwa nini unajichoma? Tungengoja, tuta lingeangukia nje na bwawa limejaa. Nyumba zote zile ziko salama. Hilo ni lako."

"Ni langu," nikasema. "Na Hewala ni wa nani?"

Walikubali niyaandike kama kiambatisho, kurasa za mwisho kabisa, ambako wasomaji hawafiki. Mkurugenzi amepewa onyo. Nimeacha uenyekiti. Mkaguzi wa ndani alinisindikiza hadi kwenye ngazi, akanishika kiwiko.

Jumamosi, 18 Mei

Nimesafiri kwenda kwa mdogo wangu. Mvua zimepungua, barabara inapitika. Wanaishi vyumba viwili uani kwa wakwe. Alinipokea vizuri mno, na hilo ndilo lililoniumiza: shikamoo dada, pole na safari dada, kiti, maji ya kunywa. Hata mgeni wa serikali hapokelewi hivyo. Wifi hakutoka.

Nikamweleza yote. Bodi, kiambatisho, wiki mbili. Nikamwambia, "Nimekukosea. Nilichukua kitu cha nyumbani kwako nikakipeleka mezani. Ningekuja kwanza kwako."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni, sikujua tangu lini.

"Nilikuambia wewe," akasema. "Sikuiambia kamati."

"Najua, wifi."

"Hujui. Huyu aliniuliza siku ileile aliporudi: ni wewe? Nikasema ni mimi. Tulikaa wiki nzima hatusemeshani ndani ya nyumba moja. Tumehama na vitu vyetu, hatusemeshani. Mimi na yeye, wifi, ambao hatukuwahi kununiana." Akatazama pembeni. "Watu wa bondeni wako hai, nashukuru. Ungemjia ndugu yako polepole wangekuwa hai vilevile."

Akaingia ndani.

Mdogo wangu alinijazia tena maji ya kunywa. Kisha akasema, bila kunitazama, "Alinipigia."

"Nani?"

"Hewala. Ile Ijumaa, jioni. Akanieleza udongo unatoa maji. Nikamwambia simamisheni pampu mara moja, na wewe usishuke tena huko ndani. Akasema, 'Dada yako alikuwa hapa sasa hivi, amesema tumalizie.' Nikamwambia basi nitampigia dada." Akafuta uso kwa kiganja. "Sikukupigia. Nilikuwa na hasira. Nikasema, kama anataka kujua ataniuliza mwenyewe. Nikashika simu, nikaiweka. Jumamosi nikashika, nikaiweka. Jumapili mvua ikanyesha. Ndiyo maana sikuja kuzika, dada. Ningesimama vipi pale?"

Nilitaka kumwambia kosa si lake. Ni mdogo wangu, nimemsomesha, nimemzoea kumbebea. Lakini huo ungekuwa uongo, na nimemkosea vya kutosha kwa mwaka mmoja. Nikamshika mkono tu, ule ambao sikuushika siku ile bwawani, na hakuuondoa.

Wifi akasema kutoka ndani, sauti kavu, "Yule mwanamke ana haki ya kujua. Nendeni wote wawili."

Jumapili, 19 Mei

Jua limewaka tangu asubuhi.

Tulimkuta mjane wa Hewala anapepeta nafaka mbele ya nyumba. Alimjua mdogo wangu mara moja, akafurahi. "Mhandisi! Marehemu alikuwa hakuachi mdomoni." Akatutandikia mkeka. Mimi alinikumbuka kwa bega.

Tulimwambia. Mdogo wangu alianza, akakwama, nikaendelea mimi. Nilipofika kwenye "malizieni" akamalizia yeye kwa ile simu. Hatukuomba atusamehe. Njiani tulikuwa tumekubaliana tusimtwike na huo mzigo.

Alitusikiliza ungo ukiwa mapajani, anachagua vijiwe kimoja kimoja, anavitupa. Tulipomaliza akauliza, si kwa hasira, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba ameelewa vizuri:

"Kwa hiyo ilikuwa ni nyinyi wawili kupigiana simu tu?"

"Ndiyo," mdogo wangu akasema.

Akanigeukia mimi, anangoja na langu.

"Ndiyo," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, akaendelea kuchagua mpaka ungo ukawa safi. Kisha akainuka, akatusindikiza hadi njiani kama desturi inavyotaka, akatupa mkono mmoja mmoja. Hakusema karibuni tena.